Iris van Herpen, mushonaji wa Uholandi anayevalisha watu chuma, maji na moshi

Mu Katanga, ukitaja Uholandi mbele ya wamama, wa kwanza atakuuliza superi-waksi inauzwa ngapi sasa. Ni haki yao. Kampuni ya Vlisco, kule Helmond, ilianza kazi mwaka 1846, na bikwembe vyake vimeingia mu masanduku ya bibi zetu, mu mahari, mu matanga, mu picha zote za ndoa zinazoninginia ku ukuta. Kwetu jina la Uholandi na jina la nguo vinatembea pamoja tangu zamani.

Leo tunataka kuwaonyesha Muholandi mwingine wa nguo. Huyu hachapi bikwembe. Anashona na chuma, na plastiki, na vioo, na mbavu za mwavuli. Juzi tu ameshona hata na vidudu vya bahari vilivyo hai. Jina lake Iris van Herpen. Ateliye yake iko Amsterdam, na ni yake: hana kampuni kubwa nyuma yake inayomuambia ashone nini na auze ngapi. Kama tunamuleta mu ukurasa huu, unaosomwa na watu wa mugodi na jamaa zao, ni ju ya sababu moja. Mu kazi yake kuna mambo ambayo ninyi munayajua kuliko waandishi wa mode wa Paris. Namna chuma inashika kutu. Namna poda inayeyuka na kugeuka kitu kigumu. Namna sumaku inavuta. Na tena lile swali linalorudi kila mara kampuni inapoleta mashini mupya: mikono ya watu itabakia na kazi gani?

Mutoto wa Wamel

Alizaliwa mwaka 1984 mu Wamel, kijiji kidogo pembeni ya muto Waal. Si pahali pa mode. Ni pahali pa maji, majani na upepo. Lakini bibi yake alikuwa ameweka nguo za zamani mu chumba cha juu chini ya paa, na mutoto alipanda kule kuzigeuza na kuzijaribisha. Tena alicheza densi, ile ya bale, tangu udogo wake. Mambo haya mawili, nguo za bibi na densi, yanatosha kueleza nusu ya kazi yake. Maana mutu aliyecheza densi anajua kama nguo haikatiwe mutu aliyesimama kama nguzo. Inakatiwa mutu anayetembea, anayegeuka, anayepumua.

Akaenda kusoma mu Arnhem, ku masomo ya ufundi yanayoitwa ArtEZ, mule mule mulimotoka washonaji wengine wawili wa Uholandi wenye jina, Viktor & Rolf. Akamaliza mwaka 2006. Lakini mbele ya kumaliza alikwenda kufanya staji, na alichagua vizuri sana walimu wake. Wa kwanza alikuwa Alexander McQueen mu London: mutoto wa shofere wa taksi, aliyeanza kukata makoti ya wanaume ku barabara Savile Row akiwa kijana mudogo, kisha akawa mufalme wa mode ya Uingereza. Wa pili alikuwa Claudy Jongstra, mwanamuke Muholandi anayefanya kazi ya sufu: anafuga kondoo wake mwenyewe, anapaka rangi ya majani, anapiga sufu mpaka inakuwa kama kuta. Kwa mumoja alijifunza kisu. Kwa mwingine alijifunza kama kitambaa hakianzie ku duka. Kinaanza ku mali yenyewe, mbele haijapata sura.

Mwaka 2007 akafungua nyumba yake. Alikuwa hajatimiza hata miaka 24. Wazazi wengi wetu wangemuambia: tafuta kwanza kazi, kaa kwa wakubwa miaka kumi, kisha tutaona. Yee hakungoja.

Mbavu za mwavuli, kisha moshi

Kolekisio moja ya kwanza, ya 2008, iliitwa Chemical Crows, ni kusema kunguru wa kemia. Kunguru walikuwa wanaruka karibu na pahali pake pa kazi, na yee akakumbuka wale watu wa zamani waliotafuta njia ya kugeuza madini ya bure kuwa zahabu. Alichukua nini? Miavuli ya watoto. Akaivunja, akatoa mbavu za chuma, akazipanga ku mabega na ku viuno vya wanawake kama mabawa. Ukiona picha, huwezi kusema hii ni mwavuli. Unaona ndege inakunjua manyoya ya zahabu.

Tunapenda sana mwanzo huu. Hakukuwa ndani yake makuta mingi. Kulikuwa na kitu ambacho kila mutu anacho ku nyumba na anatupa kikivunjika. Mama anayeshona mu Katuba ao mu Kenya, anayegeuza mabaki ya kikwembe kuwa kapitula ya mutoto, ataelewa mara moja.

Kisha, mwaka ule ule wa 2008, ikaja ile inayotugusa shiye zaidi: Refinery Smoke, moshi wa rafineri. Kwa musomaji wa Likasi, wa Kolwezi, wa Lubumbashi, maneno haya hayatake maelezo. Watoto wetu wamechora ile shemine ndefu ya Lubumbashi mu kaye zao tangu masomo ilipofunguliwa. Tunajua moshi una sura mbili. Kutoka mbali, jioni, jua likiwa nyuma yake, ni kitu kizuri, kinapanda polepole na kujikunja kama nywele. Ukiwa chini yake, unaingia mu koo, na majani ya embe yanakauka. Van Herpen alitazama sura hizi mbili kwa pamoja, uzuri na sumu, na akataka nguo yenye kuonyesha zote.

Hakuchukua hariri ya rangi ya majivu, ingawa ingekuwa rahisi. Alichukua kitambaa kilichofumwa na nyuzi za chuma, nyembamba sana, akazikunja na kuzikunja mpaka zikasimama kuzunguka mwili kama wingu. Sasa hapa njo pale musomaji wetu anaanza kucheka, maana anajua kitakachofuata. Chuma isiyopakwa kitu, ukiiacha mu hewa, inafanya nini? Inashika kutu. Nguo zile zilizaliwa na rangi ya feza, na kidogo kidogo zikaanza kugeuka nyekundu ya udongo.

Mu duka ya kawaida, nguo inayobadilisha rangi mutu anairudisha na kudai makuta yake. Kwa huyu mwanamuke, kutu ilikuwa sehemu ya kazi. Alisema nguo ya moshi. Moshi haubakie na rangi moja. Wengine watasema ni maneno ya kujitetea. Shiye hatuamini hivyo, ju miaka yote iliyofuata amechagua mali inayoishi, inayogeuka, inayomukatalia, pale angeweza kuchukua ile inayomutii.

Nguo iliyochimbuliwa mu poda

Mwaka 2010, mwezi wa 7, mu Amsterdam, alionyesha kolekisio iliyoitwa Crystallization. Ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakuna mutu alikuwa amekiona ku defile: nguo ya juu, nyeupe, migumu kama konokono, iliyotoka mu mashini bila sindano na bila uzi. Alikuwa ameichora pamoja na mufundi wa majengo, Daniel Widrig, na ilitengenezwa na kampuni Materialise, ya Leuven mu Ubelgiji.

Tueleze namna inafanywa, ju mara mingi watu wanasema tu «mashini ya kuchapa» na wanapita. Kuna sanduku, na ndani yake poda nyeupe ya nailoni, laini kama unga wa muhogo. Mashini inatandaza poda kidogo, nyembamba kuliko karatasi. Mwali wa leza unapita juu yake kufuata mafasi yaliyochorwa mu ordinatere. Pale unapopita, poda inashikana. Kisha sanduku linashuka kidogo, poda mupya inatandazwa, leza inapita tena. Na tena. Inaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Mwisho wake huoni nguo, unaona paka kilima cha poda. Wafanyakazi wanatia mikono, wanachimba, wanapangusa na brosi, wanapuliza, na pole pole kitu kinatokea. Mwenye kazi ya mugodi hahitaji tumuambie zaidi. Nguo ile haikushonwa, ilichimbuliwa.

Kolekisio ile ile ilikuwa na nguo nyingine, na tunaomba musiisahau, hata kama magazeti yaliongea paka ya mashini. Muji wa Amsterdam ulikuwa unaongeza jengo mupya jeupe ku makumbusho ya Stedelijk, na wenyeji walikuwa wanaliita beseni ya kuogea, ju ya sura yake. Van Herpen akajiuliza: kama ni beseni, maji yake yatamwagika namna gani? Akataka nguo yenye kufanana na maji yanayoruka pale mutu anapotupwa ndoo. Mashini ya wakati ule haikuweza kufanya kitu kinachoangaza vile. Basi akachukua plastiki ngumu inayoonekana ndani kama kioo, akaishika na koleo, akaipasha na kile chombo cha kupuliza hewa ya moto, na akaivuta na mikono yake mpaka ikawa maji yaliyosimama hewani. Kosa moja, plastiki inaungua ao inapasuka, na unaanza upya.

Kwa hiyo siku moja, ku defile moja, nguo ya mashini na nguo ya koleo zilitembea pamoja. Ukitaka kumuelewa huyu mwanamuke, anzia pale.

Mwezi wa 7 wa 2011, Paris ikamufungulia mulango. Mu Ufaransa, jina la «haute couture» haliko la kila mutu. Tangu 1945 linalindwa na sheria, na kuna chama kinachoamua nani anaweza kulibeba. Chama kile kikamualika kama mugeni. Hakuwa na miaka 28. Alileta kolekisio inayoitwa Capriole. Ndani yake kulikuwa na nguo ya mifupa: mbavu, uti wa mugongo, vyote vyeupe, vinavaliwa juu ya ngozi kama vile mutu amegeuzwa ndani inje. Hiyo nayo ilitoka mu poda. Mwaka ule ule gazeti la Marekani, TIME, likatia nguo zake za mashini mu orodha ya vitu 50 bora vilivyovumbuliwa mwaka 2011. Na mwimbaji wa Iceland, Björk, akavaa nguo yake ku picha ya mbele ya albamu Biophilia.

Nguo zile za kwanza zilikuwa na kasoro, na tunapaswa kuisema: zilikuwa ngumu. Mutu hawezi kukaa chini. Mutu akiinua mukono, nguo yote inainuka. Kwa mutoto wa densi hii ilikuwa aibu, na alijua. Ndiyo maana mu mwezi wa 1 wa 2013 alirudi Paris na nguo nyingine iliyochapwa na leza, lakini sasa ya mali inayokunjika kama mupira, ambayo aliifanya na mwanamuke mufundi wa majengo Julia Koerner na watu wale wale wa Leuven. Ilicheza ku mwili. Kutoka nguo ngumu ya 2010 mpaka nguo inayokunjika kulikuwa na miaka miwili na nusu tu.

Sumaku

Mwezi wa 7 wa 2013 ulileta kitu ambacho, kwa maoni yetu, ni kazi yake kubwa kuliko zote, hata mbele ya zile za leza. Kulikuwa na kijana mumoja Muholandi, Jolan van der Wiel, aliyefanya viti vya ajabu. Alikuwa anachanganya plastiki laini, ile inayomwagwa kama uji, na unga wa chuma. Kisha, mbele haijakauka, anaweka sumaku juu yake. Unga wa chuma unavutwa, unabeba plastiki pamoja nao, na uji wote unapanda, unasimama kama miiba. Dakika chache, unakauka. Kiti kimejifanya chenyewe.

Van Herpen alimualika wafanye nguo kwa njia ile. Fikirini kazi hiyo. Kitambaa kimetandazwa, uji mweusi wa chuma umepakwa juu yake, na watu wanashika sumaku mukononi wakiipitisha pole pole, kipande kwa kipande, kwa sababu uji haungojei. Mushonaji hawezi kuamuru mwiba uende wapi. Anaweza paka kusogeza sumaku, na nguvu ile isiyoonekana inaamua. Nguo zilizotoka zina manyoya ya chuma; zinafanana na nyama fulani ya bahari, ao na jiwe ambalo mutu amelipata chini kabisa na hajui jina lake. Kolekisio iliitwa Wilderness Embodied, na zile nguo mbili tatu za sumaku njo zilibakia mu akili za watu.

Hakuna nguo mbili za namna ile zinazoweza kufanana. Kiwanda hakiwezi kuzitoa elfu. Mashini ya leza, hata iwe ya ajabu namna gani, inarudia kile kile ukiiambia irudie, sumaku hairudie.

Hapa turudi ku lile swali la mashini na mikono. Mu karieri zetu jibu limekuwa baya mara mingi: mashini kubwa inaingia ku mulango mumoja, watu mia wanatoka ku mulango mwingine. Hatutaki kudanganya kusema ateliye ya nguo za matajiri itatufundisha namna ya kutengeneza jambo hilo. Lakini tuseme kile kinachoonekana. Mu ateliye ya Amsterdam mashini iliingia na mikono ikaongezeka. Leza inakata vipande, nyembamba kama wembe, mamia na mamia. Kisha wasichana na vijana wanakaa ku meza wiki kwa wiki wakivipanga na kuvishika kimoja kimoja ku kitambaa ambacho ni kama pumuzi. Mwaka 2016 walifanya nguo ya vipovu vya kioo, vilivyopulizwa na mudomo wa mutu kimoja kimoja, na vikafungwa mu silikoni. Mwaka 2015 walichukua kitambaa cha chuma isiyoshika kutu na wakakipasha moto na mukono mpaka kikatoa zile rangi za samawi na zahabu ambazo kila mwenye kusudea amekwisha kuziona pembeni ya musitari wake. Kuna tofauti kati ya nyumba ile na kampuni: mwenye mashini ni yule yule mwenye kazi, na hakununua mashini ili apunguze mishaara.

Makuta yanatoka wapi?

Wasomaji wetu watauliza, na ni swali la haki. Nguo za namna hii nani anazinunua?

Wachache sana. Wanunuzi wa haute couture mu dunia nzima si wengi, na wanalipa bei ambayo hapa ingejenga nyumba. Waimbaji wanazivaa: Björk, Lady Gaga, Beyoncé. Makumbusho nayo yananunua, kama vile Metropolitan ya New York. Anachora pia nguo za wachezaji wa densi. Amefanya kwa New York City Ballet na kwa Opera ya Paris, na pale ule utoto wa bale unamulipa. Halafu kuna zawadi. Mwaka 2014 alipata ile kubwa ya ANDAM mu Ufaransa, euro 250,000. Mwaka 2017 serikali ya Uholandi ikamupa zawadi ya Johannes Vermeer, euro 100,000. Kwa nyumba ndogo, makuta ya namna hiyo si ya kujenga vila. Ni ya kulipa watu na kujaribisha vitu vinavyoshindikana.

Alijaribu pia njia ya kawaida. Kuanzia 2013 alitoa nguo za duka, zile wanaita prêt-à-porter, na alionyesha kolekisio kadhaa. Njo njia ambayo kila mutu wa biashara angemushauri: shona nguo moja, uuze elfu. Miaka michache kisha akaiacha, akarudi ku nguo chache zinazofanywa moja moja kwa mutu moja. Mu Paris majumba mengi makubwa ya nguo ni ya vikundi vya mabilioni, na mushonaji mule ni mufanyakazi: leo ako, kesho jina lingine linaandikwa ku mulango wake. Van Herpen alikubali kubakia mudogo. Tunajua kuna watu watasema ni rahisi kubakia mudogo kama serikali yako inakupa zawadi na muji wako uko na umeme usiku na mchana. Ni kweli. Fundi wa kwetu mwenye akili kama yake anafanya kazi na jenereta na anangoja kitambaa mpaka Kasumbalesa ifunguke. Tofauti hiyo iko, na hatuone sababu ya kuificha ili habari iwe tamu.

Kuna lawama nyingine tunayoisikia, hata kwa wasapere wetu wanaojua griffe zote, kutoka Weston mpaka Yohji: «Hii si nguo, ni sanamu.» Sapere anataka nguo ya kutembea nayo mu barabara, watu wageuke. Nguo ya van Herpen mu barabara ya Kamalondo, siku ya mvua, haiwezi kufika ku kona. Tunakubali nusu. Lakini yee mwenyewe ametafuta jibu kwa njia ya ajabu. Mwaka 2021, kwa kolekisio Earthrise, alivalisha mwanamuke Mufaransa, Domitille Kiger, shampioni wa dunia wa kuruka na parashuti, na akamutupa kutoka mu ndege. Mwanamuke alianguka kutoka mawingu na nguo ya haute couture mwilini, upepo unaipiga kila upande, na wakapiga filme. Nguo haikupasuka. Kwa mutu aliyekuwa analaumiwa kama nguo zake haziwezi kukaa ku kiti, si jibu baya.

Vidudu vinavyowaka

Miaka hii amegeukia maji na vitu vyenye uhai. Mwezi wa 1 wa 2021 alifanya nguo na kitambaa kilichotoka mu plastiki iliyookotwa ku bahari. Mwisho wa 2023 makumbusho ya Arts Décoratifs mu Paris ikamufungulia vyumba vyake, na nguo zaidi ya mia zikakaa mule mpaka mwezi wa 4 wa 2024, pamoja na mifupa, matumbawe na kazi za wasanii wengine. Heshima kama hiyo, kwa kawaida, mushonaji anaipata akiwa muzee ao akiwa amekufa. Yee alikuwa na miaka 39. Kisha nguo zile zikasafiri: Brisbane, Singapore, na mwaka 2025 zikarudi nyumbani, ku Kunsthal ya Rotterdam.

Na mwezi wa 7 wa 2025, ku defile ya Paris iliyoitwa Sympoiesis, akaleta nguo ambayo hatujui tuiite nguo ao bustani. Aliifanya na mutafiti Chris Bellamy. Ndani ya mali laini kama jeli wametia vidudu milioni 125 vya bahari, aina ya mwani mudogo kabisa usioonekana na macho, ambao ukitikiswa gizani unatoa mwanga wa samawi. Wavuvi wa bahari wanaujua: usiku, kasia likigusa maji, maji yanawaka. Sasa mwanga ule uko ku mwili wa mwanamuke. Akisimama kimya, hakuna kitu. Akigeuka, akiinua mukono, nguo inawaka pale pale alipojitikisa, kisha inazima.

Huwezi kuikunja na kuiweka mu sanduku pamoja na superi-waksi. Vidudu vinataka mwanga vipate chakula chao, vinataka giza vipumzike, vinataka joto lisizidi na lisipunguke, na hewa isikauke. Mutu anapaswa kuamka kuviangalia. Mu Amsterdam, mu nyumba iliyoanza na mbavu za miavuli ya watoto, kumekuwa sasa na kazi ambayo haikuwa na jina ku masomo yoyote ya kushona: kulisha nguo.